Agatha Christie: riwaya ya upelelezi hukamilika kichwani kabla ya kufika mezani

Wapenzi wa hadithi za upelelezi huwa na swali moja. Mwandishi hufanyaje hata akamficha muuaji kwa kurasa mia mbili, kisha tukifika mwisho tunajipiga paji la uso kwa sababu mtu huyo alikuwa mbele yetu muda wote? Je, anaandika huku naye akimtafuta muuaji, au anajua kila kitu tangu mwanzo?

Ili kulijibu swali hilo tumemchagua mwandishi mmoja aliyeacha maelezo mengi kuhusu kazi yake: Agatha Christie wa Uingereza. Aliandika kitabu cha maisha yake, alizungumza redioni, na baada ya kifo chake yalipatikana madaftari yake ya kazi. Kutokana na hayo tunaweza kueleza hatua kwa hatua jinsi alivyofanya kazi.

Alikuwa nani?

Agatha Christie alizaliwa tarehe 15 Septemba 1890 katika mji wa Torquay, pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Alifariki tarehe 12 Januari 1976 akiwa na umri wa miaka 85. Aliandika riwaya 66 za upelelezi, pamoja na hadithi fupi nyingi na michezo ya jukwaani. Mmoja wa michezo hiyo, The Mousetrap, ulianza kuonyeshwa London mwaka 1952 na umeendelea kwa miongo mingi kuliko mchezo mwingine wowote wa jukwaa. Vitabu vyake vinakadiriwa kuuzwa nakala bilioni mbili katika lugha nyingi za dunia.

Wapelelezi wake wawili wanajulikana zaidi. Wa kwanza ni Hercule Poirot, Mbelgiji mfupi mwenye masharubu yaliyotunzwa vizuri. Wa pili ni Miss Marple, bibi wa kijijini anayefuma sweta huku akisikiliza kila neno linalosemwa.

Utotoni alisomea zaidi nyumbani. Mwaka 1955 alipohojiwa na redio ya BBC alisema wazi kwamba hakuwa na utaratibu wa ajabu. Alieleza kwamba kazi kubwa ni kuifikiria hadithi na kuhangaika nayo hadi ikae sawa. Baada ya hapo, kilichobaki ni kupata muda wa kuiandika.

Maneno hayo ndiyo ufunguo wa makala haya. Kwa Christie, kuandika kulikuwa hatua ya mwisho.

Chumba cha dawa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Christie alijitolea kuuguza majeruhi katika hospitali ya mjini kwao. Baadaye alihamishiwa chumba cha kuchanganyia dawa. Alisoma, akafanya mtihani, akapata sifa ya kufanya kazi hiyo. Kila siku alizungukwa na chupa. Nyingine zilikuwa za kuponya, nyingine kijiko kimoja tu kingetosha kuua.

Kazi hiyo ilikuwa na saa nyingi za kungoja. Dada yake alikuwa amewahi kumwambia kwamba hataweza kuandika hadithi ya upelelezi, naye maneno hayo hayakumtoka moyoni. Ndipo akaanza kufikiri.

Katika kitabu cha maisha yake anaeleza jinsi maswali yalivyofuatana. Kwanza, kifo kiwe cha aina gani? Kwa kuwa alikuwa katikati ya sumu, jibu lilikuwa karibu: sumu. Kisha, nani alishwe sumu? Nani amlishe? Lini, wapi, kwa njia gani, na kwa sababu gani? Kitabu kikajengwa juu ya majibu ya maswali hayo.

Mwaka 1916 aliandika sehemu ya kwanza, kisha akakwama. Mama yake akamshauri achukue likizo aende mahali patulivu. Alikwenda kwenye hoteli moja huko Dartmoor, nyika ya vilima yenye upepo na watu wachache. Asubuhi aliandika hadi mkono ukachoka. Mchana alitembea peke yake nyikani akisema kwa sauti maneno ya wahusika wake, mara kama huyu, mara kama yule. Jioni alikula, akalala. Kwa majuma mawili kitabu kikawa karibu kumalizika.

Wachapishaji kadhaa walikikataa. Mmoja alikaa na mswada karibu miaka miwili kabla ya kumwita. Hata huyo alimtaka abadilishe sura ya mwisho, ambapo mpelelezi alieleza kila kitu mahakamani. Christie akaiandika upya, akaihamishia sebuleni. Kitabu, The Mysterious Affair at Styles, kilitoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka 1921. Malipo aliyopata yalikuwa pauni 25 tu.

Wazo huokotwa njiani

Wengi hudhani mwandishi hukaa chini akingoja wazo lishuke kama mvua. Christie aliokota mawazo katika shughuli za kila siku.

Poirot alitokana na wakimbizi. Vita vilipowafukuza Wabelgiji kwao, baadhi yao walipewa hifadhi karibu na Torquay. Christie aliwaona, akajiuliza: je, kama mmoja wao angekuwa ofisa wa polisi mstaafu? Baadaye alijuta kidogo. Alimfanya mstaafu tangu kitabu cha kwanza, bila kujua kwamba ataishi naye kwa zaidi ya miaka 50. Ukipiga hesabu, Poirot alipokufa kitabuni alipaswa kuwa amepita miaka mia.

Miss Marple anafanana kwa sehemu na bibi yake Christie na marafiki wa bibi huyo. Bibi huyo alikuwa mchangamfu, lakini alitarajia mabaya kwa kila mtu, na mara nyingi alipatia. Sote tunawajua wazee wa namna hiyo. Wanakaa barazani, hawasemi sana, lakini wanajua nani kapita na kabeba nini.

Kitabu chake cha pili kilianza kwa jina tu. Alikuwa katika mgahawa wa chai akasikia watu wawili wa meza nyingine wakimtaja mwanamke aitwaye Jane Fish. Jina hilo la ukoo lina maana ya samaki, akaona ni jina la kuchekesha. Akajiuliza: mtu akilisikia jina la ajabu mgahawani, kisha akalikumbuka baadaye, nini kitatokea? Jina alilibadilisha kidogo, na hadithi ikaanza.

Madaftari ya shule

Anasema mawazo yalimjia akitembea barabarani au akitazama kofia dukani. Alipofika nyumbani aliyaandika kwenye daftari la kawaida kama la mwanafunzi. Tatizo, anakiri mwenyewe, ni kwamba mara nyingi alilipoteza daftari.

Madaftari 73 yamehifadhiwa hadi leo. Mtafiti John Curran aliyasoma na mwaka 2009 akatoa kitabu kuyahusu. Anayetarajia kukuta mpango safi atashangaa. Mwandiko ni mgumu kusomeka. Hadithi moja imetawanyika katika madaftari kadhaa, na daftari moja lina vipande vya hadithi nyingi za miaka tofauti. Katikati ya njama za mauaji kuna orodha za vitu vya kununua na hesabu za mchezo wa karata.

Lakini ndani ya vurugu hiyo kuna kazi ya makini. Christie alijiuliza maswali kwa maandishi na kujijibu. Aliandika njia tatu au nne ambazo tukio lingeweza kwenda, kisha akachagua. Wakati mwingine aliwaorodhesha wahusika na kumpima kila mmoja: je, huyu ndiye? Mara nyingine aliyapa matukio herufi A, B, C na kuendelea, kisha akazipanga upya herufi hizo hadi mfuatano ukamridhisha.

Hapo tunapata jibu la swali letu la mwanzo. Alipokuwa akifikiri, ndiyo, hata yeye alimtafuta muuaji. Lakini utafutaji huo aliufanya kwenye daftari, kabla ya kuanza kitabu chenyewe.

Hadithi mbili ndani ya moja

Kwa nini mpango uje kwanza? Kwa sababu riwaya ya upelelezi ina hadithi mbili. Ya kwanza ni ya uhalifu: nani alifanya nini, saa ngapi, na kwa nini. Hiyo imefichwa. Ya pili ni ya upelelezi: nani anaulizwa, nini kinaonekana, nani anashukiwa. Hiyo ndiyo tunayoisoma. Kila kinachoonekana katika hadithi ya pili lazima kitokane na ile ya kwanza. Kama mwandishi hajui saa ambayo mlango ulifungwa, hawezi kujua nani anadanganya anaposema alipita mlangoni.

Mfano mzuri ni And Then There Were None cha mwaka 1939. Watu kumi wako kisiwani, wanakufa mmoja baada ya mwingine, na hakuna mwingine anayeonekana pale. Christie alisema kitabu hicho kilihitaji mipango mingi sana, na kwamba ugumu wake ndio uliomvutia kukiandika. Kosa moja dogo la saa au la mahali lingeangusha jengo zima.

Alipenda pia ufupi. Aliona maneno 50,000 ndiyo urefu unaofaa kwa riwaya ya upelelezi, ingawa wachapishaji walitaka zaidi. Katika mahojiano ya 1955 alisema miezi mitatu ni muda wa kutosha kumaliza kitabu, mradi mtu aweze kuanza moja kwa moja. Alichapa mwenyewe kwa taipureta yake ya zamani. Mashine ya kurekodi sauti aliiona inafaa kwa hadithi fupi, lakini si kwa riwaya yenye mafundo mengi.

Kumpoteza msomaji bila kumwibia

Kumdanganya msomaji si sawa na kumwibia. Mwandishi akimleta muuaji katika ukurasa wa mwisho, mtu ambaye hatujawahi kumsikia, ametuibia. Christie alijitahidi kuweka kila dokezo mezani, kisha akatufanya tutazame kwingine.

Katika kitabu chake cha kwanza dokezo ni la chumba cha dawa. Dawa moja ya maji ina sumu ya striknini kwa kiasi kidogo kisichodhuru. Ikitiwa chumvi ya bromidi, sumu hushuka chini ya chupa, na dozi ya mwisho hubeba karibu sumu yote. Msomaji anaonyeshwa mambo yanayohitajika ili kulitambua hilo. Anayapita tu kwa sababu yanaonekana ya kawaida. Jarida la wafamasia lilikisifu kitabu hicho kwa usahihi wake, na Christie aliifurahia sana sifa hiyo.

Usahihi huo uliwahi kusaidia nje ya vitabu. Mwaka 1961 alitoa riwaya ya The Pale Horse, inayohusu sumu ya thaliamu. Dalili mojawapo ya sumu hiyo ni nywele kung'oka. Mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake, mtoto mdogo wa kike kutoka Qatar alipelekwa hospitali London akiwa mahututi, na madaktari hawakuweza kutambua ugonjwa wake. Muuguzi mmoja aliyekuwa akisoma riwaya hiyo aliona dalili za mtoto zinafanana na za kitabuni. Akawaambia madaktari. Vipimo vilionyesha thaliamu, iliyokuwa katika dawa ya kuulia mende na panya nyumbani kwao. Mtoto akatibiwa, akapata nafuu.

Tunalisema hili pia kama tahadhari. Dawa ya panya iwekwe mahali ambapo mtoto hafiki, na isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda wala ya maji.

Meza imara, basi

Waandishi wa habari walipotaka kumpiga picha katika chumba chake cha kuandikia, Christie alikosa cha kuwaonyesha, kwani kwa miaka mingi hakuwa na chumba maalumu. Alihitaji meza isiyotikisika na taipureta. Meza ya kunawia iliyokuwa chumbani ilifaa. Meza ya chakula ilifaa pia, kati ya mlo mmoja na mwingine. Fomu zilipomtaka ataje kazi yake, hakuwahi kufikiria kujaza lingine ila kwamba ni mwanamke aliyeolewa.

Mume wake wa pili, Max Mallowan, alikuwa mtaalamu wa akiolojia. Christie alifuatana naye Iraq na Syria, akisaidia kusafisha na kupiga picha vitu vilivyofukuliwa. Huko Nimrud, kaskazini mwa Iraq, alijengewa chumba kidogo cha matofali ya udongo chenye meza na kiti. Kiliitwa Beit Agatha, yaani nyumba ya Agatha kwa Kiarabu. Humo, mwaka 1950, alianza kuandika kitabu cha maisha yake.

Kuandika moyo unapokataa

Mwaka 1926 ulikuwa mgumu. Mama yake alifariki. Miezi michache baadaye mume wake wa kwanza, Archibald Christie, alimwambia anampenda mwanamke mwingine na anataka talaka. Mwezi Desemba Agatha alitoweka kwa siku 11, polisi na raia wakamtafuta nchi nzima, hadi alipopatikana katika hoteli moja kaskazini mwa Uingereza. Katika kitabu cha maisha yake hakulieleza tukio hilo.

Alichokieleza ni kilichofuata. Alikuwa na binti mdogo, alihitaji fedha, na alikuwa na kitabu ambacho hakijaisha. Mapema mwaka 1927 alikwenda visiwa vya Canary pamoja na mtoto na katibu wake, akajilazimisha kukimaliza. Kila sentensi ilikuwa mzigo. Kitabu hicho, The Mystery of the Blue Train, kilitoka mwaka 1928, na hakuwahi kukipenda.

Hata hivyo anasema hapo ndipo alipovuka kutoka kwa mtu anayeandika kwa kujifurahisha hadi mtu ambaye kuandika ni kazi yake. Kazi, kwa maelezo yake, ni kuandika hata siku usiyotaka, hata usipopenda unachokiandika. Mkulima anaelewa jambo hilo bila kuelezwa. Mvua ikinyesha, shamba halingoji moyo utulie.

Vita vya pili vilipofika, mabomu yakianguka London, aliandika riwaya mbili na kuziweka akiba mahali salama. Moja ilikuwa kwa ajili ya binti yake na nyingine kwa mume wake, ili wasikose riziki kama angeuawa. Ya kwanza, Curtain, ilitoka mwaka 1975. Ndimo Poirot anamofia. Ya pili, Sleeping Murder, ilitoka 1976, Christie akiwa ameshafariki.

Upande wetu

Christie alianza kwa kusoma hadithi za Sherlock Holmes, mpelelezi aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle. Chemchemi hiyo hiyo ilimfikia mwandishi wetu wa Unguja, Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, kama Holmes alivyo na Watson.

Abdulla naye hakuwa mtu wa kukaa akiandika riwaya tu. Alifanya kazi katika idara ya afya, akawa mhariri wa magazeti, na kuanzia mwaka 1958 alihariri gazeti la kilimo la Mkulima. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957 na 1958, na ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Ndani yake maiti inapatikana mahali ambapo watu huogopa mizimu, na Bwana Msa anatafuta jibu kwa akili yake.

Kwa anayetaka kujaribu

Tunajua baadhi ya wasikilizaji wetu huandika hadithi kwenye simu au daftarini. Kutokana na kazi ya Christie, mambo haya yanaweza kufuatwa na mtu yeyote:

1. Anza na maswali yake: kifo au wizi wa namna gani, nani, lini, wapi, kwa njia gani na kwa nini. Usianze sura ya kwanza kabla ya kuyajibu yote.

2. Tumia unachokijua. Yeye alijua dawa. Wewe huenda unajua mizani ya mazao, mashua, mifugo au hesabu za kikundi cha akiba. Mhalifu wa kweli huficha kosa lake mahali kama hapo.

3. Andika wazo siku ile ile, hata kama ni jina tu ulilolisikia kwenye basi.

4. Sema maneno ya wahusika kwa sauti ukiwa njiani au shambani. Sikio hugundua upesi maneno ambayo mtu wa kweli hawezi kuyasema.

5. Ukishajua mwisho, rudi nyuma uhakikishe kila dokezo lipo. Kisha mpe mtu mwingine asome. Akimtambua muuaji mapema mno, funika kidogo. Akikasirika kwamba umemficha, onyesha kidogo.